Mwanza hadi Kilimanjaro kwa gari lako mwenyewe: hatua kwa hatua

Juzi nilikaa na shemeji yangu barazani kwake Nyakato, tukapanga safari ya kuipeleka familia Kilimanjaro kwa gari lao dogo. Njia hiyo nimeiendesha mara kadhaa, kwa hiyo naandika niliyomwambia.

1. Mwezi. Juni hadi Oktoba, au Januari na Februari. Wakati wa masika njia ya msituni ni tope tupu.

2. Gari. Oili, breki, maji, bima: hayo unayajua. Kwenye matairi usiangalie kipara pekee. Soma tarakimu nne za mwisho za maandishi ya DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka sita silisafirii mbali, hata likionekana jipya. Na la akiba lisome pia.

3. Njia. Hapa nilishapoteza siku nzima. Ramani ya simu itakuonyesha njia ya Magu, Lamadi na geti la Ndabaka, inayokata Serengeti na Ngorongoro hadi Karatu. Kilomita ni chache, nami nikaiamini. Niliondoka Mwanza saa tatu asubuhi. Nilipofika Ndabaka askari akaniuliza nitalala wapi ndani. Sikuwa na jibu. Hifadhini mwisho ni kilomita 50 kwa saa, barabara ni ya vumbi yenye matuta madogomadogo yanayolegeza kila nati, na usiku huruhusiwi kuendesha. Malipo nayo ni mara mbili: Serengeti iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, Ngorongoro ina mamlaka yake, na risiti ya huku haikuvushi kule. Niligeuza, nikalala Lamadi.

Ukiitaka njia hiyo, lala Lamadi, uwe getini saa 12 asubuhi, gari liwe la juu na malipo yote mawili yawe yamekamilika. Mwenye gari dogo asipite huko kabisa.

Mimi napita kusini: Usagara, Misungwi, Shinyanga, Tinde, Nzega, Igunga, unapanda mlima Sekenke, unalala Singida. Ni mzunguko, lakini ni lami hadi Arusha na unajua utafika lini. Kila kijiji kina kibao cha 50. Kishike mpaka uone kibao cha kukuruhusu, maana tochi za trafiki za kupima mwendo zipo. Asubuhi, kabla hujatoka Singida, uliza njiapanda. Ukinyoosha tu utajikuta unaelekea Manyoni na Dodoma. Yako ni ya Katesh, Babati, Minjingu, Makuyuni. Mlima Hanang ukianza kujitokeza mbele, hujapotea.

4. Kiingilio. Usitegemee fedha taslimu getini. Pata namba ya malipo mapema, lipa kwa simu au benki, tunza risiti. Kila mtu mzima abebe kitambulisho cha NIDA ili alipe bei ya Mtanzania.

5. Mlimani. Kilele cha mita 5,895 kinataka siku tano au zaidi, kiongozi na wapagazi. Familia inatosheka na siku moja: geti la Marangu hadi vibanda vya Mandara, mita 2,700 hivi. Sisi wa ziwani tunaishi kwenye mita 1,100 na kitu, kwa hiyo pandeni polepole. Bebeni masweta na makoti ya mvua. Msitu ule una unyevu hata kiangazi.

Mkishuka, laleni Marangu au Moshi. Usishike usukani wa kurudi siku hiyohiyo, kwa sababu magoti yaliyoteremka mlima hayakanyagi breki sawasawa.