Jinsi ya kuwinda asteroidi ukiwa Bahi, bila darubini

Watu wakisikia nawinda asteroidi, swali la kwanza ni darubini iko wapi. Sina. Nafundisha fizikia sekondari huku Bahi, na zana zangu ni kompyuta mpakato na bando. Anga letu la kiangazi ni zuri mno, natoka kulitazama karibu kila usiku, ila asteroidi tunazotafuta ni hafifu, jicho tupu halizioni. Zinawindwa kwenye picha.

Asteroidi ni mwamba unaozunguka Jua. Mingi iko kati ya Mirihi na Mshtarii. Kwenye picha ni kitone tu, sawa na nyota. Kinachoiumbua ni mwendo: nyota zimetulia, yenyewe imesogea.

Wanafunzi wakisema hawana kichwa cha sayansi, nawaeleza habari za Carolyn Shoemaker wa Marekani. Alisoma historia, siasa na fasihi. Kazi hii aliianza mwaka 1980, watoto wake wakiwa wameshakua. Alilinganisha picha mbili za filamu za eneo lile lile la anga, zilizopigwa Palomar, California, kwa kifaa cha kutazamia kwa macho mawili. Kilichosogea kilionekana kama kinaelea juu ya nyota. Alipofariki mwaka 2021 alikuwa amegundua nyotamkia 32 na mamia ya asteroidi. Uvumilivu wa macho, basi.

Nawe tafuta wenzako wawili watatu, mjisajili IASC, mpango wa Marekani unaogawa bure picha za darubini ya Pan-STARRS iliyoko Hawaii. Zinakuja nne nne, za eneo moja, zimepishana dakika kadhaa. Programu ni Astrometrica, ya Windows, simu haitoshi. Pakua kwa bando la usiku.

Picha zikifunguka, ziache zibadilishane haraka, kisha pita kipande kwa kipande, kama unavyochambua mchele kwenye sinia. Kitone cha kweli hupiga hatua zinazolingana, kwa mstari ulionyooka, na mwanga wake haubadiliki sana. Kinachorukaruka, au kinachoonekana kwenye picha mbili tu, mara nyingi ni dosari ya kamera.

Ripoti yetu ya kwanza kwa IASC ilikuwa na vitone tisa, na saba vilikuwa dosari. Nilikuwa nawahi kabla umeme haujakatika, nikawaharakisha wanafunzi wangu. Iliniuma, kwa sababu walikuwa wameniamini. Siku hizi kila kitone kinaangaliwa na watu wawili, kila mmoja kivyake, ndipo kinaandikwa.

Vipimo vya asteroidi vya dunia nzima hukusanywa Minor Planet Center, Marekani. Kuthibitisha asteroidi mpya huchukua miaka, maana lazima ionekane tena na tena mpaka njia yake ijulikane. Kwa hiyo tunza kumbukumbu: tarehe, jina la seti ya picha, na nani alikiona kitone kwanza. Sisi tunatumia kauntabuku la kwaya mbili, na aliyeona kwanza anaandika jina lake kwa mkono wake, hata akiwa wa kidato cha kwanza.