Zima Wi-Fi kabla ya kurekodi
Wenye studio za chumbani hapa Dodoma, kompyuta ya kurekodia si lazima muinyime intaneti. Yangu, huku Nkuhungu, naperuzia kila siku. Ila kabla ya kubonyeza rekodi nafunga kivinjari na kuzima Wi-Fi kabisa, maana draiva yake (programu inayoiendesha) inaweza kuikatiza prosesa kwa milisekunde chache, na hapo ndipo sauti inapokwaruza. Bafa, yaani akiba ndogo ya sauti inayosubiri prosesa, ikiwa ya sampuli (vipimo vya sauti) 128 kwa 44,100 Hz, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde, ni kama milisekunde 3 tu, haina subira. Kwenye biti nzito mkwaruzo unajificha. Kwenye ilimba ya Kigogo, ala ya vibao vya chuma, unabaki uchi. Masasisho ya Windows nayo yasimamishe kabla mwimbaji hajafika. Ukifika kwenye kumiksi, pandisha bafa hadi 1024, uperuzi utakavyo.