Mtaro Haupimwi kwa Macho

Wakulima wengi wanaokaa Mombasa na kulima upande wa Mariakani, Kinango na Samburu wanajua kwamba mtaro wa fanya juu, ule wa kuzuia maji ya mvua kwenye mteremko, huchimbwa kwa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, na kwamba udongo wake hutupwa upande wa juu na kuwa tuta. Sitayarudia hayo. Ninaandika kwa sababu ya kosa moja ninalolikuta kila msimu, nalo ni kupima kontua, yaani mstari unaopita kimo kimoja kwenye mteremko, kwa macho. Mwenye shamba husimama kwenye kona, hunyoosha mkono kuuelekea mbuyu ulio ng'ambo ya pili, huwaambia vibarua wachimbe mpaka pale, kisha hupanda matatu kurudi mjini akiamini kwamba maji yatakaa.

Maji hayakai, na hesabu yake ni nyepesi. Mtaro wenye urefu wa mita 60 kwa vipimo nilivyovitaja hubeba mita za ujazo 21.6. Ukiwa umeinama kwa asilimia 1 tu, yaani sentimita 60 kutoka mwanzo hadi mwisho, maji hukimbilia mwisho wa chini na kuanza kumwagika kabla upande wa juu haujalowa. Nusu ya ujazo ule haifanyi kazi, ingawa vibarua umewalipa kwa mtaro mzima. Tena maji yanapomwagikia mahali pamoja, hubomoa ukingo na kufungua korongo. Katika shamba moja nililolitembelea karibu na Kinango, mwisho wa mtaro ulikuwa na majani yaliyofika magotini, na hatua 30 kutoka hapo, kwenye mtaro uleule, mahindi yalikuwa yamejikunja kama sigara. Mwenyewe alilaumu mbegu.

Mteremko wa asilimia 1 jicho haliuoni, lakini mimea huuona. Mwaka 1950 mwanajiolojia W. A. Macfadyen aliandika kuhusu nyanda kame za Somalia ambako vichaka, vikitazamwa kutoka angani, hujipanga kwa mistari na pinde zinazokata mteremko, huku kati ya mstari na mstari ardhi ikiwa tupu. Nyanda za namna hiyo mtu aliyesimama juu yake huapa kwamba ni tambarare kabisa. Mvua inapopiga ardhi tupu, uso wake huganda, maji huteleza kuelekea chini, na kichaka kinachofuata huyapokea kwa sababu mizizi na majani makavu yameufanya udongo wake uwe na matundu. Nyika yetu hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, hata pale ambapo mistari haionekani. Udongo mwembamba wa mgongoni mwa kilima huachia maji upesi na kubaki na migunga na vichaka vyenye miiba. Bondeni, ambako maji na udongo laini hukusanyika, ndiko mikuyu husimama. Mtaro wako ni mstari wa kichaka uliouchora wewe, na ukiuchora ukiwa umeinama kwenda chini, umetengeneza mfereji.

Kwa hiyo tumia fremu ya A, kifaa cha kupimia usawa chenye umbo la herufi hiyo, ambacho gharama yake ni fito tatu na kamba. Fito mbili ziwe na urefu wa mita 2.5, zifungwe juu, na miguu yake itanuliwe mita 2 kamili. Ufito wa tatu ufungwe kwa kukingama kati ya hizo mbili, kama mkono wa herufi yenyewe. Kutoka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe, kama timazi ya mwashi, ipite mbele ya ufito huo. Sasa inakuja hatua ambayo watu huiruka, halafu hulalamika kwamba fremu inadanganya. Simamisha fremu, weka alama ardhini mahali pa kila mguu, kisha weka alama kwenye ufito mahali kamba inapopita. Igeuze fremu ili kila mguu ukae pale ulipokuwa mwenzake, halafu weka alama ya pili. Usawa ni katikati ya alama hizo mbili, wala si katikati ya ufito kwa kukisia. Pima asubuhi na mapema, kwa maana kaskazi likishaanza kuvuma kamba haitulii, na mkulima mwenye haraka huishika kwa mkono, jambo ambalo ni sawa na kurudi kupima kwa macho.

Isogeze fremu mguu kwa mguu, kamba ikipita kwenye alama ya usawa, na piga kigingi kila mita 2. Mstari utakaopata utapinda, na uachwe upinde. Ninawaomba msiunyooshe ili upendeze. Mkiteleza sentimita 2 tu kwa kila kigingi, mmeshafika kwenye ile asilimia 1. Katika nyika ncha zote mbili za mtaro huzibwa. Penye mteremko wa asilimia 5, mtaro na mtaro viachane takriban mita 20. Penye asilimia 10, mita 13 au 14. Bondeni kwenye udongo mweusi unaopasuka msichimbe mitaro ya kuzuia maji, kwa kuwa pale shida ni maji kutuama.

Kazi ya vigingi ifanywe Januari, wakati nyasi za vuli zimekauka na ardhi inaonekana, na uchimbaji umalizike kabla ya katikati ya Machi. Anayeanza kuchimba masika yakiwa yamekwisha kunyesha huachia maji ya mwanzo yaende zake, na tuta lake bichi huoshwa lingali halijashikana. Maji yakisimama kimo kimoja kutoka ncha hadi ncha baada ya mvua kubwa, umepima sawa.

Mtaro uliokwisha kuchimbwa kwa macho haufukiwi wote. Upitie kwa fremu, na kila mahali sakafu inaposhuka kwa sentimita 15 weka kizuizi cha udongo ndani yake, kifupi kuliko ukingo kwa sentimita 15, ili maji yajae chumba kwa chumba.