SOMO: Kuwasilisha wazo la kikundi kwa picha, video na projekta bila kuwalaza watu

Habari za jioni wanakikundi. Wengi mmenifuata inbox mnauliza namna ya kuwasilisha andiko mbele ya kamati, ile mikopo isiyo na riba inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu), kwahiyo naweka somo hapa mara moja nisirudie kwa kila mtu. Mfano wangu ni akina mama wanaoanika dagaa mwaloni (pale ufukweni boti zinaposhusha samaki) wanataka vichanja, yaani meza za juu za kuanikia, ila hata kama nyie mna saluni au vizimba vya sato njia ni hiyohiyo.

HATUA YA 1. Kabla hujagusa laptop andika ombi lenu kwa sentensi moja. "Tunaomba mkopo tujenge vichanja ili dagaa wetu wasianikwe tena mchangani." Basi. Watu wengi wanaanza na kuchagua rangi za slaidi, saa sita usiku mtu ana slaidi 30 na ukimuuliza unaomba nini anaanza kujikuna kichwa.

HATUA YA 2. Jiulize ni kitu gani mdomo hauwezi kukieleza, hapo ndo unatafuta kifaa. Bei ya mbao unaitamka tu. Lakini tofauti ya dagaa wa mchangani na wa kichanjani lazima mtu aione kwa macho, sasa si uende na dagaa wenyewe? Sahani mbili nyeupe, huku wa mchangani huku wa kichanjani, na bakuli la maji safi. Chukua kiganja kimoja cha wa mchangani, waoshe palepale mbele yao, watoe, acha maji yatulie alafu pitisha bakuli mezani kila mjumbe achungulie mchanga uliotuama chini. Haihitaji umeme, haihitaji bando, na yule mjumbe aliyekuwa anachati utamuona anainua kichwa mwenyewe. Mimi hii naiweka juu ya slaidi yoyote ile.

HATUA YA 3. Picha na video. Simu ya kawaida inatosha, ila ilaze, usiishike wima, maana skrini ya projekta imelala na ukipiga wima unapata kipicha chembamba katikati na weusi kulia na kushoto. Piga asubuhi au jioni, saa saba mchana dagaa wanang'aa wote mpaka huoni kitu. Shida kubwa ya mwaloni ni sauti, upepo wa ziwa ukiingia kwenye maiki ni vuuuu mwanzo mwisho na injini za boti juu yake, kwahiyo mama unayemhoji msogeze nyuma ya kibanda, simu iwe karibu na kifua chake au tumia earphone zenye maiki. Dakika moja inatosha sana. Weka na maandishi chini ya video, kwasababu kumbi zetu nyingi ni za bati na mvua ikishuka hakuna spika itakayosikika. Na mtu umuombe ruhusa kabla ya kumpiga picha jamani, watoto ndo kabisa muulize mzazi.

Ukituma video kwa WhatsApp kama video ya kawaida inabanwa, ubora unashuka. Itume kama dokumenti au hamisha kwa waya, na ikae ndani ya laptop kabisa, habari ya kufungua YouTube ukumbini achana nayo.

HATUA YA 4. Slaidi ziwe chache, kila moja wazo moja, herufi saizi 28 kwenda juu. Ukumbi usio na mapazia unataka maandishi meusi kwenye nyeupe, zile bluu iliyoiva na njano zinapendeza kwenye laptop tu. Jedwali zima la Excel usilibandike, chora nguzo mbili, mapato ya kiangazi na ya masika, wataona wenyewe mvua inavyokula mapato yenu. Usizitofautishe kwa nyekundu na kijani peke yake, kuna watu macho yao hayatenganishi hizo rangi, andika jina juu ya kila nguzo. Ukitaka wakuangalie wewe, kwenye PowerPoint bonyeza B skrini inazima, bonyeza tena inarudi.

HATUA YA 5. Siku yenyewe wahi ukajaribu vifaa. Projekta nyingine bado zina tundu la waya la zamani (VGA) na laptop yako ina la kisasa (HDMI) tu, beba adapta ya kuviunganisha, beba ekstensheni. Picha isipotokea bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P uchague kurudufisha (Duplicate). Hifadhi na PDF kwenye flashi fonti zisije zikavurugika, na uchapishe nakala kadhaa, umeme ukikatika mnaendelea.

MASWALI

Mwanachama, Nansio: Mwalimu shikamoo, sisi huku kisiwani hatuna projekta wala laptop, na wajumbe wa kamati ndo wanakuja kutukagua.

Jibu: Marahaba. Mna bahati kuliko wa mjini. Nunueni karatasi za manila na makapeni nene, chora zile nguzo mbili, bandika ukutani alafu simama mwisho wa chumba uone kama inasomeka. Kisha watembeze, wawakute akina mama wanageuza dagaa mchangani.

Mwanachama, Kirumba: Mwenyekiti wetu bibi anajieleza vizuri kwa Kisukuma, Kiswahili kinamsumbua. Tumuweke kijana aongee badala yake?

Jibu: Hapana dada, msimtoe bibi. Mrekodini kwa Kisukuma chake, weka maandishi ya Kiswahili chini kwa CapCut (app ya kuhariri video), yaandikeni wenyewe msiiachie app iyaandike. Kijana ajibu maswali ya hesabu.

Mwanachama, Buzuruga: Kaka vichanja bado hatuna, naweza kutengeneza picha kwa AI?

Jibu: Kama unaonyesha mnachotaka kujenga sawa, ila iandikwe MCHORO kwa herufi kubwa. Ukiiweka kama vile ni kazi yenu, mjumbe anayeujua mwalo wenu atauliza hivyo vichanja viko upande gani, na kuanzia hapo hata hesabu zenu za kweli hawaziamini. Bora uombe kupiga picha kwa kikundi ambacho tayari wanavyo, useme ni vya jirani.

Mwanachama, Igoma: Tumepewa dakika 10, slaidi ngapi?

Jibu: Nne, tano ikizidi sana. Dagaa na bakuli dakika mbili, video moja, slaidi nne, zinazobaki waachie wao waulize. Fanyeni mazoezi na saa mkononi, anayezidisha akatwe hukohuko nyumbani.