Jinsi ya kusajili boti ya mke na mume mjini Kigoma na kuiandaa kwa safari ya visiwani

Mke na mume wanaotaka kuishi miezi kadhaa ya mwaka ndani ya boti yao wenyewe, wakilala leo Ujiji, keshokutwa karibu na mdomo wa mto Malagarasi na mwishowe kwenye visiwa vya Kipili, hawana haja ya kutafuta visiwa vya nchi za joto ng'ambo ya bahari. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na ufuko wa upande wetu unaanzia Kagunga, mpakani na Burundi, hadi Kasanga karibu na Zambia. Chombo kinapatikana, mafundi wapo, na ziwa ni letu. Wengi hukwamia kwenye makaratasi. Ninaeleza hapa utaratibu tulioupitia mimi na mume wangu, na nitakaa zaidi kwenye hatua ya umiliki, kwa kuwa ndiyo iliyotula muda na fedha kuliko nyingine zote.

Mamlaka inayosajili na kukagua vyombo vya majini Tanzania Bara, vikiwemo vya maziwani, ni Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, ambalo sote tunaliita TASAC. Lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2017 na likachukua kazi za usalama majini zilizokuwa chini ya SUMATRA, mamlaka ya zamani ya usafiri wa nchi kavu na majini. Kwa hiyo mkiuziwa boti ya zamani yenye karatasi za SUMATRA, zitunzeni kama sehemu ya historia ya chombo, lakini msizichukulie kuwa ni cheti kilicho hai.

Kabla ya kugusa fomu, kubalianeni nyumbani boti itakuwa ya kazi gani: matumizi binafsi, abiria, mizigo au uvuvi. Jibu hilo linaamua vifaa mtakavyodaiwa na vibali vitakavyofuata. Mkiandika matumizi binafsi, msimbebe mtu kwa nauli, hata akiwa jirani anayeomba kushushwa Mwamgongo na kuwachangia mafuta. Akishalipa, mmekuwa chombo cha abiria machoni pa mkaguzi, na likitokea la kutokea majini hamtakuwa na pa kusimamia.

Sasa umiliki. Boti nyingi za mbao za hapa hazitoki kiwandani. Huundwa na mafundi mwaloni, ubao baada ya ubao, zikakalafatiwa kwa pamba, yaani nyufa zake zikazibwa, na malipo hufanyika kidogo kidogo kadiri kazi inavyokwenda. Mwisho wa yote mteja hubaki na kipande cha karatasi ya daftari chenye saini ya fundi na neno "imelipwa". Karatasi hiyo inawatosha wao wawili kwa sababu wanajuana. Haimtoshi ofisa anayetakiwa kuandika jina la mmiliki katika rejesta ya Serikali, naye ana haki kamili ya kuikataa.

Yetu ilikataliwa, tena kwa sababu ambayo wanunuzi wengi hawaifikirii. Aliyetuuzia hakuwa fundi aliyeiunda boti. Naye alikuwa ameinunua kwa mtu mwingine, na mauziano hayo ya kwanza hayakuwa na maandishi yoyote. Ofisa aliisoma karatasi yetu, akaigeuza nyuma, kisha akaniuliza, "Mama, huyu aliyewauzia aliipata wapi?" Hatua nzima imo ndani ya swali hilo. Mnatakiwa kuonyesha jinsi chombo kilivyotoka mkono hadi mkono tangu kilipoundwa, na kila mkono uwe na karatasi yake.

Kwa boti mpya kazi ni nyepesi: fundi aandike barua ya kueleza kwamba yeye ndiye aliyeiunda, wapi, mwaka gani, kwa mbao gani, na kwamba ameiuza kwenu. Kwa boti iliyokwisha kupita mikononi mwa watu, andikeni mkataba wa mauziano wenye majina kamili ya pande zote kama yalivyo kwenye vitambulisho vya NIDA, urefu, upana na kina cha boti, rangi yake, jina lake kama linalo, na bei. Mkataba ushuhudiwe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa au wa kijiji, agonge mhuri wake, na ni vyema zaidi upite kwa wakili. Pale ambapo mmiliki wa katikati amefariki au hapatikani, aliyewauzia ale kiapo kwa maandishi mbele ya kamishna wa viapo akieleza alivyoipata boti, na hati hiyo ya kiapo iambatishwe kwenye maombi.

Haya yote ni rahisi muuzaji akiwa bado anawahitaji. Yakiachwa hadi baada ya malipo, yanakuwa magumu sana. Muuzaji wetu alikuwa amekwisha kuhamia upande wa Kongo, na kumsubiri arudi atie saini kulikula msimu mzuri wa safari, achilia mbali nauli za kumfuata ndugu yake huku na huko. Ushauri wangu ni kwamba salio la mwisho la bei lisitoke mkononi mwenu mpaka mkataba wenye mhuri uwe mezani. Muuzaji wa kweli hatakasirika, na anayekasirika anawapa taarifa muhimu bure.

Injini ni mali nyingine yenye karatasi zake, wala msidhani itasajiliwa kwa kuegemea mkataba wa boti. Kwa injini ya kupachika nyuma, tafuteni namba yake kwenye kibao kidogo kilichobandikwa sehemu inayobana ubao wa shetri, yaani wa nyuma ya boti. Chetu kilikuwa kimezibwa na grisi na rangi ya bluu ya mmiliki wa zamani. Tulikisugua kwa mswaki na mafuta ya taa mpaka tarakimu zikasomeka, ndipo ikaonekana kwamba iliyoandikwa 3 kwenye risiti ni 8 kwenye injini. Tarakimu moja inatosha kuwarudisha nyumbani. Duka lililoandika risiti ile lilitutoza fedha ili kusahihisha kosa lake lenyewe, jambo ambalo si haki, na linaepukika kwa kusoma kibao mkiwa bado mmesimama kaunta, kabla risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, haijatoka.

Jambo la tatu katika umiliki ndilo ninalolipigania zaidi, nalo ni majina. Kwa mazoea, karatasi za boti huandikwa jina la mume, hata pale ambapo fedha zimetoka kwenye biashara ya dagaa ya mke. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaeleza kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja itachukuliwa kuwa ni ya huyo, na iliyopatikana kwa majina ya wote wawili itachukuliwa kuwa ni yao kwa sehemu sawa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa watu ambao boti ndiyo chumba chao cha kulala, jiko lao na akiba yao ya miaka, kuacha jina la mmoja nje ni kuliachia bahati jambo kubwa mno. Lipo pia suala la kila siku: mmoja akilazwa hospitalini, mwenzake lazima aweze kulipia, kuomba ukaguzi na kuhuisha cheti bila kuulizwa yeye ni nani kwenye chombo hiki. Mkataba uanze na majina yote mawili, risiti ya injini vilevile, na fomu ikiwa na nafasi finyu ombeni kwa adabu yaandikwe yote, mkiambatisha nakala ya cheti cha ndoa. Msikubali kuambiwa kwamba mtarekebisha baadaye.

Malipo hayana mengi. Mtapewa ankara yenye namba ya malipo ya Serikali, mtalipa benki au kwa simu, na mtachapisha risiti. Msimpe mtu yeyote fedha taslimu mkononi, hata akiwa na kitambulisho shingoni.

Ukaguzi unahitaji maandalizi ya kweli. Jaketi okozi ziwe na idadi ya watu watakaokuwamo, zenye ukubwa unaowafaa, na kila moja iwe na filimbi yake. Za watoto ni tofauti na za wakubwa. Kuwe na kizimamoto ambacho muda wake haujapita, taa za usiku, makasia ya akiba, upo au ndoo ya kukumba maji, sanduku la huduma ya kwanza, na nanga. Kuhusu nanga nasisitiza kamba ndefu. Ziwa hili lina kina cha takriban mita 1,470 penye kina kirefu zaidi, ni la pili duniani baada ya Baikal, na sehemu nyingi hushuka ghafla hatua chache tu kutoka mwambani. Nanga yenye kamba fupi haitagusa chini, na boti itachukuliwa na upepo mkiwa mmelala. Pangeni vifaa vyote juu ili mkaguzi avione bila kufukua, kausheni ngama, yaani sehemu ya chini ndani ya boti inayokusanya maji, na mwondoe madumu ya petroli karibu na jiko. Watu wa maziwani hatujasahau MV Bukoba iliyozama Ziwa Victoria Mei 1996. Mkaguzi anayehesabu jaketi mara mbili anafanya kazi ambayo ningependa kila mkaguzi aifanye, na atakapouliza nani anaongoza chombo, jibu zuri ni kwamba wote wawili mnaweza. Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, hufundisha mambo ya usalama majini, lakini hata bila chuo, mke na mume wajifunze kuwasha injini, kuzima moto na kurudi kumwokota aliyeanguka majini, kila mmoja peke yake.

Jina la boti na namba ya usajili vichorwe kwa rangi inayosomeka mbali, pande zote mbili za omo, yaani mbele ya boti. Mkiweka redio ya mawasiliano ya majini, kibali chake kinatoka TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Chaneli ya 16 ndiyo ya dharura na haipigiwi porojo. Simu ya mkononi haitoshi, kwa sababu mtandao hukatika katika maeneo mengi chini ya milima ya Mahale.

Njia ya kwenda Kipili inapita kwenye hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, iliyotangazwa mwaka 1985, inajumuisha pia ukanda wa maji wenye upana wa kilomita 1.6 kutoka ufukweni, kwa hiyo kutia nanga humo ni kuingia hifadhini, na taratibu na ada za TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa, zinawahusu. Anayetaka kupita tu akae nje ya ukanda huo. Hifadhi ya Taifa ya Gombe, upande wa kaskazini wa Kigoma, nayo haifai kutiwa nanga bila kwanza kuzungumza na TANAPA Kigoma.

Kuhusu samaki, kuvua kwa ajili ya kuuza kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, ambayo mtaiulizia kwa ofisa uvuvi wa halmashauri. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika ziwa zilisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Kipindi kama hicho kikitangazwa, ondoeni nyavu zote ndani ya boti, hata zile mnazofungia mizigo, kwa kuwa wavu ndani ya chombo unatosha kuwaweka mahojianoni asubuhi nzima.

Maji ya ziwa hili yanamilikiwa na nchi nne, na mpaka hauna alama majini. Mkitaka kwenda Bujumbura, Kalemie au Mpulungu, anzieni Bandari ya Kigoma mkiwa na pasipoti, mpite forodha kwa ajili ya boti na injini, kisha Uhamiaji mgongewe mhuri wa kutoka, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi. Kutoka kupitia mwalo wa kawaida, hata kwa nia njema, ni kosa. Kwa safari ya kwanza nawashauri mbaki upande wa Tanzania: Ilagala, Lagosa, Kalya, Ikola, Karema, Kirando, kisha Kipili.

Siku ya kuondoka, acheni kwa Polisi Wanamaji na kwa ndugu mmoja wa nchi kavu karatasi yenye majina yenu, rangi na namba ya boti, vituo mtakavyolala na siku mnayotarajia kufika kila kimoja. Someni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, hasa kati ya Mei na Agosti ambapo kusi huvuma kwa nguvu na kumpiga usoni anayekwenda kusini. Safiri alfajiri, na upepo ukianza kupanda ingieni ghubani. Mkifika mwalo wowote, jitambulisheni kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni, na kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya kuteremsha vitu. Wao ndio watakaowaonyesha penye mchanga wa kutia nanga, na ndio watakaotuma mtu usiku kamba ikikatika.

Karatasi halisi zikae ndani ya mfuko usioingiza maji, na nakala zilizothibitishwa zibaki kwa yule ndugu. Cheti cha usalama kina tarehe ya mwisho. Pangeni safari ili tarehe hiyo iwakute mmekwisha kurudi Kigoma, boti ikiwa imevutwa juu mwaloni na iko tayari kukaguliwa tena.