Kutenganisha bei ya kitu na bei ya jina

Ukinunua raba ya mtumba kwenye soko la Mlango Mmoja, Mwanza, au simu mpya mjini, unalipia vitu viwili kwa noti zilezile: kitu chenyewe, na jina litakalowaambia wenzako wewe ni nani. Malipo hayo ya pili si ujinga. Jezi nyekundu ya Simba au ya kijani na njano ya Yanga humtambulisha mtu kijiweni kabla hajafungua mdomo. Shida ni kulipia jina huku ukijiaminisha kwamba unalipia ubora.

Andika vitu kumi ulivyonunua mwezi uliopita, na kando ya kila kimoja uandike nani anakiona. Mafuta ya kupikia hayaonwi na mtu. Raba huonwa na daladala nzima ya Nyegezi. Soda ina sura mbili: ukiinywa peke yako haina shahidi, ila mgeni akifika na mtoto akatumwa dukani kwa Mangi, chupa itakayorudi itasema mgeni huyo amethaminiwa kiasi gani. Kama kitu kisichoonwa na mtu umekinunua ghali, chunguza mazoea. Jina la sabuni na la majani ya chai wengi hulirithi kwa mama. (Na mazoea yana nguvu: mtu huomba "kolgeti", kisha muuzaji humuuliza ya kampuni gani.)

Ukidai sababu ni ladha, jipime. Chukua soda mbili za aina moja, za kampuni tofauti, zilizokaa kwenye friji moja kwa muda uleule. Mwenzako amimine vikombe vitatu, viwili vya soda moja na kimoja cha nyingine, wewe ukiwa umegeuka; kazi yako ni kukitaja kilicho tofauti. Rudieni mara sita, akibadilisha mpangilio. Anayebahatisha hupata kama mara mbili, kwa hiyo hesabu umefaulu ukipata tano au sita. Wengi huliharibu jaribio kwa kuacha chupa moja wazi: gesi ikitoka, unatambua soda iliyochacha badala ya ladha ya kampuni.

Kwa nguo na viatu, gawanya bei kwa siku utakazovaa. Raba ya shilingi 60,000 inayodumu siku 120 ni shilingi 500 kwa siku. Ya 25,000 inayokatika baada ya siku 40 ni 625. Hapo ya ghali ndiyo rahisi. Ikiwa zote zingedumu siku 120, ya pili ingekuwa kama shilingi 208, na zile 292 zinazobaki ndizo kodi ya jina kila siku. Jiulize: nembo ingeshonwa ndani, pasipoonekana, ningelipa? Ukijibu hapana na bado unaitaka, nunua, lakini iandike kwenye fungu la starehe, isichanganyike na matumizi ya lazima.

Feki ndiyo hasara kamili, maana umelipia jina na hukulipata. Wale uliotaka wakutambue ndio wanaoigundua mapema. Kwa raba za Nike, tafuta lebo ndogo ndani ya ulimi yenye namba ya kiatu: herufi au tarakimu, jumla sita, kistari, kisha tarakimu tatu. Itafute intaneti: picha ikija ya kiatu kingine au rangi nyingine, iache. Lakini namba sahihi peke yake haitoshi, kwa sababu waigaji nao huinakili. Hata orijino, bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba. Ikimeguka kama mkate mkavu, unyevu umeshaila kwa miaka na itaachia barabarani.

Kwa simu, piga *#06# upate namba ya IMEI (utambulisho wa simu hiyo) yenye tarakimu 15, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Ujumbe utakaorudi ukitaja aina isiyolingana na jina lililo mgongoni mwa simu, mrudishie muuzaji kabla hujatoa hela.