Namba ya spea ni bora kuliko jina la gari

Volkswagen Golf ya kizazi cha 5, Audi A3 (8P), Skoda Octavia ya pili na SEAT Leon ya pili zimejengwa juu ya msingi mmoja, PQ35. Ukitaka spea ya chini ya mojawapo, usiulizie kwa jina la gari. Piga brashi ya waya spea ya zamani mpaka namba ionekane, utafute kwa namba hiyo. Tarakimu na herufi tatu za mwanzo hutaja gari ambalo spea hiyo ilibuniwa kwa ajili yake: 1K0 ni Golf ya 5, hata ukiikuta chini ya Audi. Tarakimu tatu zinazofuata hutaja kundi: 615 ni la diski za breki. Herufi za mkiani ndizo huponza watu: 1K0 615 301 ni diski ya mbele, lakini kuna za kipenyo cha milimita 280, 288 na 312, zinazotofautishwa na herufi zinazofuata 301, na ikipishana na kalipa (kifaa kinachobana diski) haifungiki. Linganisha pia msimbo wa breki za mbele unaoanza na 1Z kwenye stika iliyo ndani ya buti, karibu na tairi la akiba. Mbinu hii haisaidii kwa bodi na taa, wala kwa kompyuta ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukifunga breki): namba ikifanana, bado inahitaji kusetiwa upya kwa mashine.